Jinsi ya kusoma umri na safari za samaki wachanga wa baharini ukiwa zako Mbeya

Wakuu habari za saa hizi, wa Iringa kamwene, wa Tukuyu na Kyela ugonile. Leo naandika kitu ambacho nimeulizwa hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja: we mwalimu unakaa Mbeya, bahari iko zaidi ya kilomita 800 huko, sasa hao samaki wachanga wa baharini unawasomea wapi? Na mbona kila Jumamosi unaonekana Soko la SIDO unaomba vichwa vya samaki kama mtu anayefuga paka ishirini?

Nawasomea kwenye vijiwe vya masikioni. Samaki wa mifupa ana jozi tatu za vijiwe ndani ya kichwa, vimekaa chini ya ubongo kwa nyuma, kushoto na kulia, vinamsaidia kusikia na kujua yuko wima au amelala ubavu. Kitaalamu vinaitwa otolithi. Ni kalisi kaboneti, jamii ya chokaa, na kila siku vinaongezewa tabaka jipya juu ya lile la jana, afu uzuri wake tabaka likishakaa limekaa, halivunjwi na kujengwa upya kama mfupa. Zamani watu walikuwa wanahesabu pete za miaka tu kama za mti, mwaka 1971 ndo Giorgio Pannella akaonyesha kwenye jarida la Science kwamba kuna pete nyembamba zaidi ambazo ni za siku moja moja. Yaani ukimshika samaki wa miezi miwili unaeza kurudi nyuma ukasema huyu alianguliwa wiki fulani, na hapa katikati kuna siku kadhaa alishindia vibaya.

Na kwa nini tuhangaike na wachanga badala ya wakubwa wanaoliwa? Mnorwe mmoja anaitwa Johan Hjort alilijibu hilo mwaka 1914. Wavuvi wa kwao walikuwa wanalalamika miaka mingine heringi wanajaa miaka mingine hawaonekani, wakadhani samaki wamehama. Hjort akakuta wale walioanguliwa mwaka 1904 peke yao ndo wamebeba uvuvi kwa miaka mingi mfululizo, maana mwaka ule wachanga walipona wengi. Kwaiyo samaki wa kesho wanaamuliwa kwenye zile wiki za mwanzo ambazo hata macho hayawaoni vizuri.

Sa kabla sijaingia kwenye hatua niseme jambo moja ambalo mtalikuta humu mwanzo mpaka mwisho, TAREHE NA MAHALI ALIPOVULIWA. Ndo kila kitu. Watu wakisikia hii kazi wanaanza kulia hawana hadubini, hadubini utaazima shule yoyote ya sekondari, ila pete 84 bila kujua samaki alivuliwa lini ni namba tu ya kuhesabia, haikupeleki popote. Mimi nimetupa vijiwe vizuri sana, vimeng'arishwa mpaka vinapendeza, kwa sababu ya hilo tu.

VIFAA

Rula ya milimita, mzani mdogo wa dijitali kama ule wa wauza dhahabu au wa mikate, wembe, kibanio chenye ncha nyembamba (duka la urembo wanavyo vya nyusi vinafaa), kitambaa au kigae cheusi, vichupa vidogo vyenye vifuniko kutoka duka la dawa, spiriti, penseli, supa glu, slaidi za kioo, na msasa wa maji. Msasa usiende kununua kwa fundi seremala, nenda maduka ya rangi za magari uombe namba 800, 1200 na 2000, ni karatasi tatu tu na zinakaa mwaka. Hadubini iwe inafika mara 400, ikiwa na lenzi ya mafuta ya mara 1000 hapo umetajirika.

Formalini usiguse. Mwaka wa kwanza niliomba maabara fulani wakanipa chupa nzima bure, nikafurahi, nikaweka samaki wangu wote humo, baada ya miezi miwili nafungua vichwa hamna kitu, vijiwe vimelika vimebaki ungaunga. Formalini inageuka tindikali na tindikali inakula chokaa, kitu ambacho nafundisha kidato cha pili kila mwaka. Tumia spiriti kali, au gandisha, au kausha.

HATUA YA 1: PATA SAMAKI MWENYE HISTORIA

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Samaki wa baharini wanaofika kwetu huku juu wako wa namna tatu. Kuna vibua vya boksi vilivyogandishwa, hivi ni vya kujifunzia mkono tu, vijiwe vyake vinatoka vizuri, lakini vimetoka mbali, wengine nchi za nje kabisa. Ukiwa mjanja muombe muuzaji boksi lenyewe likiisha, pembeni huwa pameandikwa nchi na tarehe ya kufungwa, piga picha. Ila kufungwa sio kuvuliwa, usije ukajidanganya.

Wa pili ni samaki wa barafu wanaopandishwa na malori au mabasi usiku kutoka Dar, changu, tasi, jodari wadogo. Hawa ukiwa na mtu wako feri (soko la samaki la Dar) anaeza kukuambia hii imetoka Mafia, hii Kilwa, imeingia jana alfajiri. Hao ndo dhahabu. Mimi namtumia jamaa mmoja pesa ya vocha, ananinunulia samaki kumi wadogo wa aina moja, anawafunga kwenye kideli (kisanduku cha barafu) na kikaratasi ndani. Kikaratasi kiandikwe kwa PENSELI, wino unayeyuka kwenye spiriti na kwenye maji ya barafu, hilo nalo nimeshalilipia.

Wa tatu ni dagaa wakavu wa baharini. Wengi wanadhani ukishakausha samaki basi kaharibika kwa kazi hii, hapana, kijiwe hakijali jua. Tatizo la dagaa mkavu ni kwamba gunia moja linaeza kuwa na dagaa wa wiki mbili tofauti na fukwe tatu tofauti, na mwenye gunia hajui.

Sasa kuna njia ya pembeni ambayo watu wa nyanda za juu tumebarikiwa na hatuitumii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wanaokuja kwetu kutoka Kasanga kupitia Sumbawanga, ni ukoo mmoja na dagaa-sadini wa baharini, wazee wao wa kale walitoka baharini. Wamejengeka vilevile, vijiwe vimekaa vilevile, hata tabia zinafanana, wachanga wanakaa karibu na ufukwe wakikua wanatoka kwenda maji ya katikati. Ukijifunza kwa dagaa wa Kasanga mkono wako utakuwa tayari kwa dagaa wa Mafia. Ila usichanganye na usipa wa Ziwa Nyasa wala dagaa wa Mwanza, tunawaita wote dagaa kwenye sahani lakini hao ni ukoo mwingine kabisa, na kwenye vichwa vyao kile kijiwe kinachokuwa kikubwa kwa samaki wa baharini kwao ni kama sindano nyembamba kinavunjika ukikitazama vibaya, unatakiwa utafute kile kingine cha duara, kinaitwa lapilusi. Wanafunzi wangu walipoteza Jumamosi nzima wakitafuta kwenye usipa kijiwe cha umbo ambalo usipa hana.

Na tafadhali, usiende ufukweni ukasema nanunua samaki wadogo wadogo kwa bei nzuri. Utakuwa unawalipa watu wa kokoro, na kokoro limekatazwa. Chukua kilichokwisha kuvuliwa, na kama unataka kwenda kuvua au kuchukua sampuli mwenyewe pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo husika. Kwa walio Kyela, TAFIRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi) wana kituo hapo hapo, kawasalimie kabla hujaanza.

HATUA YA 2: PIMA KABLA YA KUKATA

Kuna urefu wa aina tatu. Ncha ya mdomo hadi mwisho kabisa wa mkia, ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, na ncha ya mdomo hadi pale nyama inapoishia mkia unapoanzia. Chagua mmoja ukae nao hadi kufa. Mimi natumia huo wa mwisho kwa dagaa kwa sababu mikia yao inafika huku imeshakatika, kwa jodari na vibua tumia wa panda.

Pima uzito pia, kwa gramu. Kama samaki ni mkavu andika mkavu, maana samaki akikauka anasinyaa, ukimlinganisha na mbichi utasema amedumaa kumbe ni jua tu. Pata mbichi hamsini, wapime, wakaushe, wapime tena, hapo utapata kiasi cha kurekebishia cha kwako mwenyewe. Kila samaki apewe namba, na namba hiyo ndo iandikwe kwenye kichupa, sio urefu, sababu nitaisema mbele.

HATUA YA 3: TOA VIJIWE

Kama ni mkavu mloweke kwenye maji ya kawaida kama saa moja alainike. Samaki wa kiganja au zaidi, mlaze kifudifudi, ingiza kisu kidogo juu ya macho, kata kwa ulalo kwenda nyuma kama unafungua kifuniko cha chungu, fuvu la juu linafunguka, unaona ubongo mweupe laini. Ondoa ubongo polepole kwa kibanio. Chini yake, nyuma kidogo, kuna vishimo viwili, kila kimoja kina kijiwe cheupe kama punje ya mchele iliyokatika. Hicho kikubwa ndo sajita, tunayoitaka.

Dagaa mdogo hana nafasi ya ufundi wote huo. Pasua kichwa katikati kwa wembe kama unapasua njugu, kiweke juu ya kigae cheusi na tone la maji, chambua kwa sindano mbili. Kijiwe kinang'aa cheupe kwenye weusi. Kwa mabuu, wale wa sentimita moja ambao ni kama kamasi, kuna ujanja: chukua vipande viwili vya ile karatasi nyeusinyeusi ya juu ya kioo cha kikokotoo kibovu, kimoja weka chini ya slaidi kingine juu yake, zungusha cha juu mpaka pawe giza. Nyama yote inapotea halafu vijiwe vinawaka kama taa za gari la mbele kwenye ukungu wa Igawilo. Wanafunzi wanapiga kelele kila mara tukifanya hii, nami huwa napiga kidogo.

Vioshe kwa maji safi, ondoa ule utando, kausha, weka kwenye kichupa kikavu. Kushoto na kulia vyote viwili tunza, kimoja utakiharibu, hiyo ni uhakika.

HATUA YA 4: NG'ARISHA

Bandika kijiwe kwenye slaidi kwa tone dogo la supa glu, upande uliobonyea uwe juu. Subiri. Mwezi wa saba hapa Mbeya glu inaeza kuchelewa kukauka kuliko kawaida, kuwa na subira, na usiipeleke kwenye jiko la mkaa kuiharakisha huku chupa ya spiriti iko mezani, nyumba itaondoka. Ikikaza, lowesha msasa wa 800 usugue kwa mzunguko, mara tano tu, angalia kwenye hadubini. Kisha 1200, mara tano, angalia. Halafu 2000. Malizia na dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa. Lengo ni kufika kwenye kiini, ile nukta ya katikati ambayo ndo siku zake za kwanza duniani, ukifika hapo ACHA. Msuguo mmoja wa ziada kiini kimeondoka na umefuta utoto wa samaki mzima. Vijiwe vya mabuu havihitaji msasa kabisa, ni vyembamba vinaonekana hivyo hivyo, tone la mafuta ya hadubini linatosha.

Ili kudumu paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi juu yake. Ndio, mwanaume unaingia dukani unaomba rangi ya kucha, utazoea.

HATUA YA 5: HESABU

Pete za siku ni jozi ya mstari mweupe na mweusi, upana wake ni mikroni chache tu (milimita moja ina mikroni elfu moja). Anza kwenye kiini nenda ukingoni kwa njia moja iliyonyooka, kama njia imechafuka hama pembeni ukifuata pete ile ile. Tumia kifaa cha kuhesabia au punje za mahindi, kila pete kumi punje moja.

Kila kijiwe hesabu mara tatu, siku tofauti, na mtu wa pili ahesabu bila kuambiwa wewe umepata ngapi. Na asijue urefu wa samaki, hii ndo ile sababu niliyosema, mtu akijua samaki ni mkubwa macho yanaanza kuongeza pete yenyewe, sio uongo wa makusudi, ni macho ndo yalivyo. Mkitofautiana zaidi ya asilimia kumi rudieni, mkitofautiana tena kijiwe hicho kiwekeni pembeni. Kati ya vijiwe ishirini vyangu vya kwanza nilibaki na saba. Usivunjike moyo.

Pete ya kwanza haianzi siku moja kwa samaki wote. Kwa aina nyingine inawekwa siku ya kuanguliwa, kwa nyingine ni pale anapoanza kula kwa mdomo baada ya kiini cha yai kuisha, hiyo ni siku kadhaa mbele. Lazima ujue ya aina yako uongeze hizo siku.

HATUA YA 6: HAKIKISHA PETE NI SIKU

Wengi wanairuka hii, na ndo inayotofautisha mwanasayansi na mpiga ramli. Nani kakwambia pete moja ni siku moja kwa samaki wako? Kwa samaki wa baharini wataalamu wanafanya hivi: wanamkamata, wanamchoma dawa ya oksitetrasaikilini, ambayo inaacha mstari kwenye kijiwe unaong'aa ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, wanamwachia na alama mgongoni, akivuliwa tena wanahesabu pete tangu ule mstari. Kule Alaska wanaozalisha samoni kwenye matangi wamekwenda mbali zaidi, wanabadilisha joto la maji kwa ratiba mayai yakiwa bado hayajaanguliwa, kijiwe kinaandika mistari kama ile ya bei kwenye bidhaa za supamaketi, samoni akivuliwa baharini miaka kadhaa baadaye wanasoma ametoka kituo gani cha kuzalishia.

Sisi tufanye ya kwetu. Mabwawa ya sato na perege yamejaa Mbeya, Njombe, Iringa. Nenda kwa mzalishaji wa vifaranga anayeandika tarehe, chukua vifaranga mia, weka bwawani, kila wiki mbili toa kumi, hesabu pete, linganisha na siku unazozijua. Sato sio wa baharini ila jicho lako ndo linapimwa hapa. Utagundua na jambo lingine, maji ya baridi ya kwetu, hasa ukienda Makete huko, yanafanya pete zibanane mpaka hadubini ya shule inashindwa kuzitenganisha, unahesabu 40 wakati samaki ana siku 60. Mwenzako wa pwani na joto lake hatalijua hilo tatizo upesi, wewe utalijua wiki ya kwanza.

HATUA YA 7: HESABU ZA UKUAJI

Tarehe ya kuvuliwa toa idadi ya siku, unapata tarehe ya kuanguliwa. Ndo maana napigia kelele tarehe. Kasi ya kukua ni urefu wa sasa toa urefu aliokuwa nao alipoanguliwa, gawa kwa umri. Tuseme dagaa wa milimita 60 ana siku 90, na alianguliwa akiwa na milimita 3, basi 57 gawa kwa 90, kama milimita 0.63 kwa siku. Chora kwenye grafu, umri chini urefu pembeni, utaona mstari unapanda kwa nguvu halafu unaanza kulala, samaki wote wako hivyo.

Kama huna hadubini kabisa bado una njia, ya Mdenishi C.G.J. Petersen, toka karne ya 19. Pima samaki 200 wa aina moja kutoka mwalo mmoja kila mwezi, wapange kwenye makundi ya milimita tano tano, chora nguzo. Utaona kilima. Mwezi ujao kile kilima kimesogea kulia. Kama Januari kilima kilikuwa 42 na siku 30 baadaye kiko 54, wamekua milimita 12, ni 0.4 kwa siku. Rahisi, lakini ina mitego: wavu unachagua, wadogo wanapita kwenye macho, na wamama wa sokoni wanachambua wakubwa wakubwa kwa ajili ya wateja wa hoteli kabla wewe hujafika. Nenda mapema, chukua fungu ambalo halijachambuliwa.

HATUA YA 8: SAFARI

Umri ukishaupata, safari inaanza kufunguka yenyewe. Pwani yetu mkondo wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unakaza mwendo, wakati wa kaskazi unalegea. Buu la samaki halina nguvu ya kushindana nao. Tuseme mkondo unakwenda noti moja (maili moja ya baharini kwa saa), hiyo ni kama kilomita 44 kwa siku, buu la siku 20 linaeza kuwa limebebwa kilomita 880, zaidi ya Mbeya mpaka Dar! Hiyo ni hesabu ya juu kabisa kwa mkondo wa kasi hiyo, ukweli mabuu yanapanda na kushuka kwenye kina, yananaswa na vimbunga vya maji nyuma ya visiwa, mengine hayafiki hata kilomita hamsini. Lakini ukijua kaanguliwa lini unajua kabebwa na kusi au kaskazi, na hapo unaanza kukisia mama yake alitagia wapi.

Wakishakuwa na nguvu za kuogelea wanachagua pa kukulia. Changu wa aina nyingi wanakulia kwenye majani ya bahari na pembezoni mwa mikoko, wakikua ndo wanahamia matumbawe. Njia nyepesi ya kuiona safari hii ni kupanga sampuli zako kwa mahali, sio kwa mwezi: waliotoka mikokoni, kwenye majani, kwenye mwamba. Ukikuta umri unapanda kadiri unavyotoka nje ushaona njia yao.

Njia ya alama ni ya wenye meli. Kati ya 2005 na 2007 kwenye Bahari ya Hindi jodari zaidi ya 160,000 walivalishwa vijialama vya plastiki na kuachiwa, wengi wao karibu na pwani yetu ya Tanzania, na maelfu walirudishwa na wavuvi. Ndo tukajua vizuri jinsi wanavyokua na wanavyosambaa bahari nzima. Ukiwahi kukuta uzi wa plastiki wenye namba mgongoni mwa jodari wa sokoni USIUTUPE, andika namba, pima samaki, wapelekee TAFIRI.

Halafu kuna kemia. Maji ya bahari yana strontiamu (madini ya jamii moja na kalisi) nyingi kuliko mito mingi, na kijiwe kinaichukua kila siku pamoja na kalisi, kwaiyo ukikipima kutoka kiini hadi ukingoni kwenye mashine za maabara kubwa unaona siku ambayo samaki alitoka baharini akaingia mtoni. Hii inatuhusu sisi wa huku juu kuliko tunavyodhani. Mkunga wa mtoni anazaliwa baharini, buu lake ni kama jani la kioo, linabebwa na mikondo, linageuka kuwa uzi unaopitisha mwanga, linaingia mtoni na kupanda, na mfumo wa Rufiji ni moja ya njia zao. Miaka mingi baadaye anarudi baharini kutaga. Katikati sasa kuna Kidatu, Mtera, na Bwawa la Nyerere lililoanza kujazwa Desemba 2022. Na hayo maji ya delta ya Rufiji yenye mikoko wanapokulia samaki wa Mafia, sehemu yake inatoka Usangu hapa Mbarali, Ruaha Mkuu ile ile ambayo toka 1993 imekuwa ikikauka kiangazi kule hifadhini. Kwaiyo mtu akikuuliza Mbeya na bahari wapi na wapi una pa kuanzia.

Ukitaka safari ya kuifuata kwa miguu nenda Kyela. Mbasa anakaa Ziwa Nyasa, mvua zikija anapanda mito kama Kiwira kwenda kutaga, wachanga wanashuka wenyewe ziwani. Ni samoni wetu. Simama na rula sehemu tatu, juu, katikati na mdomoni mwa mto, kila wiki mbili, ukiwa na kibali.

Daftari liwe na kolamu hizi: namba, aina, tarehe ya kuvuliwa, mahali, zana iliyotumika, urefu, uzito, mbichi au mkavu, pete hesabu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya mwenzako. Ikifika Nane Nane pale Uyole lete na hadubini, watu watapanga foleni kuliko kwenye ng'ombe wa maziwa, nimeshajaribu.

Na yule mama wa SIDO ninayechukua kwake dagaa wa Kasanga, mwanzoni nikimuuliza tarehe alikuwa ananijibu "mwanangu we kula tu, tarehe ya nini," nilimbembeleza karibu mwaka mzima nikimsaidia na kubeba maboksi. Siku hizi anawauliza mwenyewe wenye mzigo na kuniandikia kwa mkaa pembeni ya boksi. Juzi nimekuta kaandika "Kasanga, Jumanne usiku, giza." Hilo giza sikumwomba, anamaanisha mwezi haukuwepo, maana wenye taa wanavua mwezi ukiwa haupo. Nimefungua kolamu mpya.